Ving'ora vya lupu na ving'ora vya kawaida: ulinganisho kwa anayeweka kengele ya moto Dodoma

Mtu anayejenga hosteli, nyumba ya wageni au jengo la ofisi hapa Dodoma kwa kawaida huletewa makadirio mawili ya mfumo wa kengele ya moto yanayofanana karibu kila mstari, mpaka anapofika kwenye mstari wa ving'ora. Kadirio la kwanza lina ving'ora vya kawaida, ambavyo hufungwa kwa waya zake zenyewe kutoka kwenye paneli, yaani kasha linaloongoza mfumo mzima, na kulia vyote kwa pamoja. La pili lina ving'ora vyenye anwani, ambavyo hukaa kwenye waya uleule unaopita kwenye vitambua moshi, yaani lupu, kila kimoja kikiwa na namba yake ambayo paneli hukitambua kwayo. King'ora kimoja cha aina ya pili kina bei ya juu kuliko cha aina ya kwanza, na mwenye jengo, ambaye bado anadaiwa na fundi wa vigae, huchukua kadirio la chini bila kuuliza swali la pili. Mara nyingine huwa amechagua sawasawa. Mara nyingi zaidi huwa amenunua kelele ya korido isiyoweza kumwamsha aliyelala nyuma ya mlango wa mninga.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitatumia jengo moja la mfano tangu mwanzo: hosteli ya wanafunzi yenye sakafu tatu, kila sakafu ikiwa na vyumba 16 pande mbili za korido, kuta za tofali za saruji, milango ya mbao ngumu, vitanda vya deka na paa la bati. Majengo ya namna hii yameota kwa wingi kuzunguka Chuo Kikuu cha Dodoma tangu kilipoanzishwa mwaka 2007. Mwenye ofisi huko Mtumba au mwenye ghala Kizota anaweza kufuata hoja zilezile na kubadilisha tarakimu.

Tofauti ya msingi

Saketi ya ving'ora vya kawaida ni waya mbili zinazotoka kwenye paneli, zikapita kwenye king'ora kimoja baada ya kingine na kuishia kwenye rezista, yaani kijifaa kidogo cha kubana mkondo. Katika hali ya utulivu paneli hupeleka umeme mdogo kwa upande uliogeuzwa, dayodi iliyomo ndani ya kila king'ora, ambayo hupitisha umeme kwa upande mmoja tu, huuzuia usikiwashe, na mkondo mdogo unaopita kwenye ile rezista ya mwisho huiambia paneli kwamba waya ni mzima. Moto ukigunduliwa, paneli hugeuza upande wa umeme na kila kilichomo kwenye saketi hiyo hulia. Ni ubunifu rahisi na wa kuaminika, ila una upofu mmoja: paneli huujua waya, haivijui ving'ora. King'ora kilichoungua ndani, au kilichojaa nyigu, hakitoi taarifa yoyote. Aidha, fundi akichomoa tawi katikati ya waya ili kufikia chumba kilichosahaulika, tawi hilo halilindwi na rezista ya mwisho, na linaweza kukatika likakaa miaka bila mtu kujua.

Katika lupu, waya hutoka kwenye paneli na kurudi kwenye paneli, ukibeba umeme na mawasiliano kwa pamoja. Paneli huita kila anwani kwa zamu na kusubiri jibu. King'ora kikiondolewa, ndani ya muda mfupi paneli huandika kwamba anwani fulani haijibu, pamoja na jina la mahali ilipo. Kwa jengo lenye ving'ora hamsini hilo pekee ni jambo kubwa, kwa kuwa kuvikagua vyote kwa masikio kila mwezi ni kazi ambayo kwa ukweli haifanywi na mtu yeyote.

Sikio la aliyelala

Hapa ndipo uamuzi unapopatikana, na hapa ndipo ningemwomba mwenye jengo akae kidogo. Vifaa vingi ninavyokutana navyo vina alama ya viwango vya Ulaya vya EN 54, ambavyo sehemu yake ya 3 inahusu ving'ora, na michoro mingi huandikwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1. Kiwango hicho kinataka sauti isiyopungua desibeli 65 katika sehemu za kawaida, au desibeli 5 juu ya kelele ya mahali hapo iwapo kelele hiyo hudumu zaidi ya sekunde 30. Kinaruhusu 60 kwenye ngazi na katika vyumba visivyozidi mita za mraba 60. Palipo na watu waliolala, kinataka desibeli 75 pale kichwa kinapolala, milango ikiwa imefungwa.

Tuchukue king'ora cha ukutani kinachotoa desibeli 100 kwa umbali wa mita 1, tukifunge katikati ya korido. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kitanda kilicho umbali wa mita 8 kwa jumla, kupitia mlangoni, kingepata 82 kama mlango ungekuwa wazi. Mlango wa kawaida uliofungwa hula takriban desibeli 20, na mlango mzito wa kuzuia moto hula karibu 30. Kinachobaki kitandani ni 62 kwa mlango wa kawaida na 52 kwa mlango mzito. Tuna upungufu wa desibeli 13 katika hali nzuri. Ni kweli kwamba korido ya saruji hurudisha mwangwi na hesabu hii ni ya ukali kidogo, lakini mwangwi haufidii pengo la ukubwa huo, na kuongeza king'ora cha pili chenye nguvu sawa kando ya cha kwanza huongeza desibeli 3 tu.

Kwa hiyo hosteli inahitaji sauti ndani ya chumba. Kitako chenye king'ora, yaani kile kinachokaa kati ya kitambua moshi na dari, hutoa kwa kawaida desibeli 85 hivi kwa mita 1. Kwenye mto ulio umbali wa mita 2.5 hubaki 77, na kipimo kimefikiwa bila ziada kubwa. Anayelala kitanda cha chini cha deka, godoro la mwenzake likiwa kati yake na dari, hupata pungufu kidogo, kwa hiyo kipimo kichukuliwe pale chini. Nimewaona wakaguzi wa ndani wakipima wakiwa wamesimama katikati ya chumba, mahali ambapo hakuna anayelala.

Jambo la bati nalo si dogo. Mvua za Dodoma huja kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, na kwenye sakafu ya juu isiyo na dari nzuri kelele ya mvua juu ya bati humeza mazungumzo ya watu wanaokaa meza moja. Kipimo cha sauti kilichochukuliwa Agosti, mji ukiwa mkavu na kimya, hakisemi lolote juu ya usiku wa Januari. Kwa sakafu hiyo ningetafuta desibeli 5 juu ya kelele ya mvua, na hilo hupatikana kwa kuongeza idadi ya ving'ora kuliko kwa kutafuta kimoja chenye kupasua masikio, kwa kuwa kiwango hakiruhusu sauti ipite desibeli 120 mahali popote mtu anapoweza kufika.

Mpaka hapa ving'ora vya kawaida havijashindwa kwa sauti. Kuna vitako vya kawaida vinavyolia vizuri. Vinaanza kushindwa tunapoziweka sauti 48 ndani ya vyumba 48 na kuuliza umeme utatoka wapi.

Mkondo, waya na betri

King'ora cha kawaida cha volti 24 hutumia mara nyingi kati ya miliampia 15 na 30. Tuseme 25. Vyumba 48 vinahitaji ampia 1.2, kabla ya ving'ora vya korido. Paneli ndogo nyingi hutoa takriban nusu ampia kwa kila saketi ya ving'ora, zikiwa na saketi mbili. Itabidi kuongeza chanzo kingine cha umeme chenye betri zake, kukifunga mahali penye kufuli, na kukisimamia kwa paneli ili hitilafu yake ionekane.

Kisha kuna upotevu wa volti njiani. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, tunahesabu 24. Nusu ampia ikisafiri mita 200 hadi kundi la ving'ora lililo mwisho wa jengo hupoteza karibu volti 2.4. Umeme wa TANESCO ukiwapo hakuna atakayehisi. Umeme ukiwa umekatika tangu mchana na betri zimeshuka hadi volti 21, ving'ora vya mwisho hupata chini ya 19, na baadhi yao huanza kukoroma badala ya kulia.

Ving'ora vya lupu vimebuniwa kwa ubahili. Kitako chenye king'ora na anwani hutumia miliampia 5 hivi, cha ukutani 7 hivi, na kitambua moshi kilichotulia hakifiki hata nusu ya miliampia moja. Kwa hosteli yetu: vitako 48 ni miliampia 240, ving'ora 6 vya korido ni 42, vitambua moshi 57 ni kama 23. Jumla ni 305. Lupu nyingi huweza kubeba kati ya miliampia 400 na 500, kwa hiyo jengo zima huingia kwenye lupu moja na kubakiza nafasi. Namba halisi zisomwe kwenye karatasi ya maelezo ya kifaa kilichonunuliwa, tena kwa toni na sauti iliyochaguliwa, kwa kuwa kifaa kilekile hubadilisha matumizi yake kwa kiasi kikubwa toni ikibadilishwa.

Tahadhari ni kwamba lupu hujaa ghafla. Mwenye jengo akija baadaye na kusema anataka taa za kuashiria moto kwa ajili ya wanafunzi viziwi, na taa za EN 54-23 hutumia umeme mwingi kuliko king'ora, zile miliampia 95 zilizobaki zitakwisha baada ya taa chache. Hesabu ya lupu ifanyike pia kwa hali mbaya kuliko zote, ambayo ni waya kukatika jirani na paneli, mzigo wote ukilishwa kutoka upande mmoja kwa urefu wote wa waya.

Kuhusu betri kuna dhana ambayo ningependa kuiondoa. Watu hudhani ving'ora ndivyo vinavyoamua ukubwa wa betri. Kiwango kinataka saa 24 za utulivu na kisha nusu saa ya mlio. Mfumo unaotumia ampia 0.15 ukitulia hula ampia-saa 3.6 katika saa hizo 24. Mlio wa ampia 0.6 kwa nusu saa, hata ukiongezwa kizidisho cha 1.75 kwa ajili ya betri kutolewa umeme kwa haraka, huongeza 0.5 tu. Ukizidisha jumla kwa 1.25 kwa ajili ya uzee wa betri unapata kama 5.2, na betri za ampia-saa 7 zinatosha. Kwa ving'ora vya kawaida vyenye mlio wa ampia 1.5, hesabu hiyohiyo hutoa 6.1. Tofauti ipo, ila haistahili kuwa sababu ya kuchagua. Kinachoua betri Dodoma ni joto la stoo isiyo na dirisha ambamo paneli imefichwa, kwa kuwa kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa takriban nusu.

Kuweka anwani na mipangilio

Ving'ora vya kawaida havina mengi ya kupanga. Fundi huchagua toni kwa swichi ndogo, anapunguza au kuongeza sauti kwa bisibisi, anaangalia chanya na hasi, na anamaliza. Urahisi huu ni faida ya kweli, hasa mahali ambapo fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu hatakuwa yule aliyefunga. Udhaifu wake hujitokeza pale mwenye jengo anapotaka sakafu moja ilie na nyingine isubiri, kwa kuwa hapo lazima kila sakafu iwe na saketi yake tangu siku ya kwanza ya kuvuta waya.

King'ora chenye anwani hudai utaratibu, na mifumo hutofautiana katika jinsi ya kutoa anwani. Kuna njia tatu, na kwa maoni yangu uchaguzi kati yake una uzito kuliko watu wanavyoupa.

Njia ya kwanza ni swichi saba ndogo zilizo mgongoni mwa kifaa, zenye thamani za 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Anwani 37 hupatikana kwa kuchagua 32, 4 na 1, yaani swichi ya sita, ya tatu na ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji chombo chochote, msumari unatosha. Ubaya wake ni kwamba watengenezaji hawakubaliani kama swichi iliyowashwa ni moja au sifuri. Fundi akigeuza maana hiyo, 37 yake hujitokeza kwenye paneli kama 90, kwa kuwa 127 ukitoa 37 hubaki 90, na iwapo 90 tayari ina kitambua moshi, paneli itaonyesha anwani mbili zilizogongana huku mafundi wakitafuta kosa kwenye waya. Nilishapoteza mchana mzima kwa kosa hili kwenye jengo moja la barabara ya Iringa, na lilikuwa kosa langu mwenyewe.

Njia ya pili ni chombo cha mkononi kinachoandika anwani ndani ya kumbukumbu ya kifaa. Ni ya haraka, haina hesabu, na chombo hicho mara nyingi huweza pia kuweka toni na sauti. Lakini mwenye jengo anapaswa kuuliza chombo hicho kitabaki kwa nani. Kama kipo kimoja na kiko Dar es Salaam, kubadilisha king'ora kilichokufa Dodoma kunageuka safari, au kunasubiri mpaka kazi nyingine ijitokeze huku bara.

Njia ya tatu ni paneli kugawa anwani yenyewe kwa kufuata mpangilio wa waya. Hii hupendeza siku ya kufunga, lakini hutaka mchoro wa waya uwe wa kweli, na kuongeza kifaa katikati ya lupu kwaweza kuvuruga mpangilio ikiwa mtu aliyepo hajui utaratibu wa paneli hiyo. Kwa majengo yetu, ambayo hubadilishwa matumizi kila baada ya miaka michache, mimi huchagua swichi, na pale ambapo hazipo, chombo cha mkononi kilichonunuliwa na mwenye jengo na kufungiwa ndani ya kasha la paneli.

Swali jingine la anwani linahusu vile vitako. Viko vya namna mbili. Kimoja hutegemea kitambua moshi kilichofungwa kwake: hakina anwani yake, huwashwa na kitambua hicho, na kitambua kikiondolewa kwa ajili ya usafi au kikiibwa, chumba hubaki kimya. Kingine kina anwani yake na huendelea kuwa hai chenyewe. Katika hosteli yetu aina ya pili hufikisha anwani 117: vitambua 57, vitako 48, ving'ora vya korido 6 na vitufe vya kuvunja kioo 6. Mifumo inayojulikana sana ya Apollo na Hochiki hubeba 126 na 127 kwa lupu, kwa hiyo tunabaki na nafasi zisizozidi kumi. Aina ya kwanza hutumia anwani 69 tu. Kwa vyumba vya kulala bado ningechukua yenye anwani yake na, jengo likitarajiwa kukua, ningenunua paneli yenye nafasi ya lupu ya pili.

Baada ya anwani, kazi huhamia kwenye paneli. Fundi huiacha paneli isome lupu, kisha hulinganisha idadi iliyosomwa na idadi iliyo kwenye mchoro kabla ya kugusa jambo jingine. Huangalia kwamba kila anwani imetambuliwa kwa aina yake, king'ora kama king'ora. Huandika jina la mahali kwa lugha ambayo mlinzi wa zamu ataisoma saa nane usiku akiwa ameshtuka: «Sakafu ya 2, korido mashariki» ina maana kwake, namba ya kifaa haina. Kisha hugawa ving'ora katika makundi, na hili lisiachwe, kwa kuwa amri ikitolewa kwa kundi ving'ora huanza pamoja na kwenda sambamba, ilhali vikiamriwa kimoja kimoja vyaweza kupishana na kutoa mvurugano ambao sikio halitambui kuwa ni kengele.

Toni iwe moja kwa jengo zima. Kiwango kinapendekeza sauti iliyo kati ya hetzi 500 na 1000, na ile inayopishana kati ya 800 na 970 imezoeleka. Sauti za chini hupenya milango vizuri kuliko nyembamba; Wamarekani wameenda mbali zaidi na kutaka hetzi 520 kwa vyumba vya kulala. Kuna hosteli moja ambayo ving'ora vyake vilinunuliwa kwa awamu mbili na kila awamu ikabaki na toni ya kiwandani, hata wanafunzi wa sakafu ya chini wakaamini kwamba mlio wa juu ni wa gari lililoguswa. Paneli haikuona kosa, kwani kwake kila kitu kilikuwa kinajibu.

Kuhusu ucheleweshaji, EN 54-2 inaruhusu paneli kuchelewesha ving'ora hadi dakika 10 ili mtu akague kwanza. Katika ofisi yenye watu wa zamu hilo lina mantiki. Katika hosteli ningeweka sifuri, na kitufe kilichovunjwa kioo kisicheleweshwe popote, kwa kuwa aliyekivunja ameshaona moto kwa macho yake.

Zipo pia nyakati ambapo unyumbufu wa ving'ora vya anwani hugeuka hatari. Msimamizi aliyechoshwa na mlio wa uongo kutoka jikoni anaweza kuzima king'ora kimoja au kundi moja kupitia paneli, jambo ambalo kwa ving'ora vya kawaida lingezima saketi nzima na kuonekana na kila mtu. Taa ya njano ya «imezimwa» hubaki ikiwaka, na baada ya wiki huwa imezoeleka kama saa ya ukutani iliyosimama. Nenosiri la kiwango cha mipangilio lisiandikwe kwa kalamu juu ya mlango wa paneli, mahali ambapo nimelikuta zaidi ya mara moja.

Waya unapopata hitilafu

Saketi ya kawaida ikikatika, ving'ora vilivyo baada ya mkato, ukitokea kwenye paneli, vinanyamaza. Ikigusana, vyote vya saketi hiyo vinanyamaza. Lupu ikikatika mahali pamoja, hakuna kinachonyamaza, kwa kuwa paneli huilisha kutoka pande zote mbili. Ikigusana, aisoleta mbili zilizo karibu na kosa, yaani swichi zinazojifungua zenyewe kutenga kipande kibovu, hukitenga kipande hicho na sehemu nyingine inaendelea. Faida hii ipo iwapo aisoleta zipo. Ving'ora vingi vya sasa huzaliwa nazo ndani, vingine havina, na kadirio la bei ya chini mara nyingi limekuwa la chini kwa kuziondoa. Lupu isiyo na aisoleta inayobeba vitambua na ving'ora kwa pamoja ni mbaya kuliko mfumo wa kawaida, kwa kuwa mguso mmoja wa waya huchukua macho na sauti ya jengo kwa wakati mmoja.

Kiwango kinataka kwamba kwa kosa lolote moja la waya, angalau king'ora kimoja jirani na paneli kiendelee kulia. Ndiyo sababu, hata katika jengo lenye lupu pekee, mimi hufunga ving'ora viwili vya kawaida kwenye saketi za paneli yenyewe: kimoja mapokezi na kimoja nje getini, cha kuzuia maji na vumbi cha IP65. Vina gharama ndogo, na upepo wa vumbi wa miezi ya kiangazi hauviharibu haraka.

Nani achukue nini

Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na sakafu moja haina haja ya lupu. Vitako vya kawaida kumi ni robo ampia, saketi mbili za paneli ndogo zinatosha, na fundi yeyote mwenye multimita Nkuhungu au Majengo ataielewa. Kinachohitajika ni kutochomoa matawi na kukijaribu kila king'ora kwa sikio, chumba kwa chumba.

Hosteli ya mfano wetu ichukue lupu, vitako vyenye anwani vyumbani, ving'ora vya ukutani koridoni na aisoleta ndani ya vifaa. Waya mmoja ukibeba kila kitu, akiba inayopatikana kwenye waya wa kustahimili moto na kazi ya kuuvuta hupunguza sehemu nzuri ya tofauti ya bei iliyomtisha mwenye jengo mwanzoni.

Ofisi za ghorofa nyingi, kama zinazoendelea kujengwa Mtumba, hazina waliolala, lakini zina sababu nyingine ya lupu: sakafu yenye moto na iliyo juu yake zipewe mlio wa kutoka, na zilizobaki zipewe mlio wa kukatika-katika wa kujiandaa, ili ngazi zisizibe. Mgawanyo huo ukibadilika baada ya wizara kuhamisha idara, hubadilishwa kwenye paneli bila kupasua ukuta.

Ghala la Kizota au soko lenye kelele ni hadithi nyingine. Pale panahitajika ving'ora vichache vyenye nguvu kubwa, na lupu haipendi vifaa vyenye njaa ya umeme. Moduli ya lupu yenye anwani, inayowasha saketi ya ving'ora vikubwa vya kawaida kutoka kwenye chanzo chake cha volti 24, ndiyo inayofaa. Ukumbi wa sherehe nao uongezewe moduli ya kukata umeme wa muziki kengele ikilia, kwa sababu hakuna king'ora kitakachoshinda spika za harusi.

Kabla ya kusaini, mwenye jengo amwombe muuzaji mambo matatu kwa maandishi: hesabu ya mkondo wa lupu katika hali ya mlio, mahali aisoleta zilipo kwenye mchoro, na kama itifaki ya mawasiliano ni ya wazi, yaani vifaa vitakubaliwa na paneli za watengenezaji wengine kama Kentec au Advanced, au ni ya kampuni moja pekee. Siku ya makabidhiano, kabla ya kuwaita wakaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apite na kipima sauti halisi badala ya programu ya simu, milango ikiwa imefungwa, na aandike desibeli za kila mto kwenye karatasi itakayobaki ndani ya kasha la paneli pamoja na orodha ya anwani na namba ya dharura 114.